Safari ya Kufuata Tumbaku ya Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 11 Aprili 2016. Theluji ilikuwa inaanguka Malvern, kwetu huku Toronto, ile nyepesi ya kuchelewa, isiyokaa chini lakini inayokuharibia siku. Naanza na tarehe hiyo kwa sababu ndiyo niliyoondoka, na kwa sababu wengi wenu mmeniuliza kilichotokea, kila mmoja akiwa ameshasikia habari yake. Mmoja alisikia nimekamatwa uwanja wa ndege. Mwingine alisikia nimekwenda Ulaya kununua samaki. Wote mna ukweli kidogo. Nitaandika kwa mpangilio, na mahali nisipokuwa na uhakika nitasema.

Kutoka Malvern

Baba wa mke wangu Kalunde, Mzee Mihayo, alikuja kwetu Oktoba kutoka Urambo ili atibiwe macho. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari alimpangia operesheni Juni. Miezi yote hiyo mzee hakuwa na raha. Chakula chetu hakina ladha, jua letu la uongo, watu wa kwenye lifti hawasalimii. Mimi naye hatuongei sana. Ni baba mkwe, nami najua mipaka yangu. Nilikuwa namwamkia asubuhi, anaitikia, basi tumemaliza mpaka kesho.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomtuliza: kiko chake. Nilimnunulia makopo mengi ya tumbaku, akayakataa, akisema moja linanukia sabuni na jingine linanukia harusi. Halafu siku moja nikampelekea kopo dogo la Denmark, la rangi ya kijani, nililoliona dukani karibu na kazini kwangu Don Mills. Akalifungua, akanusa, akanusa tena. Kisha akamwambia Kalunde, "Hili ni bani."

Kwa wasiotoka kwetu, bani ni ile nyumba ya udongo ya kukaushia majani ya tumbaku kwa moto. Urambo yote ina harufu hiyo msimu ukifika. Tangu siku ile mzee alikaa kwenye roshani na blanketi na kiko chake, na hakutaja tena kurudi.

Machi mwenye duka akaniambia makopo ya kijani yamekwisha na hayaji tena. Sheria za Ulaya zinabadilika Mei: kila aina ya tumbaku lazima ipimwe na kuandikishwa upya, na kiwanda kile kidogo kimeona ni nafuu kuiacha aina hiyo. Mzee alikuwa amebakiwa na makopo mawili. Kopo moja humtosha wiki mbili. Aliposikia, alisema maneno machache tu, tena kwa Kalunde, siyo kwangu: "Haya yakiisha, nikatieni tiketi."

Mkihesabu mtaona. Makopo yangeisha Aprili. Operesheni Juni. Akirudi Urambo bila operesheni, anarudi kuwa kipofu.

Kalunde anafanya kazi ya usafi hospitalini na anachukia moshi. Aliniuliza jikoni, "Ni haki kumnunulia baba sumu ili akubali kutibiwa?" Nilifikiri siku mbili, sikupata jibu. Hata leo sina. Nilichokuwa nacho ni likizo ya wiki moja na rafiki yake Kalunde wa shuleni anayeishi Copenhagen, Denmark. Maduka ya kule hayatumi tumbaku ng'ambo, tuliuliza. Basi nikaenda.

Mzee alinitazama nikivaa viatu mlangoni. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia. Akaitikia. Halafu akaongeza, "Kijani." Neno moja. Nililibeba mpaka uwanja wa ndege kama yai.

Kisiwa cha upepo

Ndege ilitua Iceland tubadilishe nyingine, na ile nyingine haikuondoka. Upepo. Tulikaa saa tisa. Kupitia dirishani niliona mtu wa uwanjani akifukuza kofia yake mpaka akapotea nyuma ya gari la mizigo, na sikumwona akirudi. Nadhani yu salama.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mzee wa kule, anafuma soksi. Nilinunua supu ya kondoo yenye viazi, nzuri, ila bila ndimu wala pilipili, kama kondoo aliyekufa bila kuaga. Nikatoa maandazi ya Kalunde nikamkaribisha. Alichukua moja. Baadaye akachukua mengine matatu bila kuniangalia. Sisemi kwa ubaya, nilikaribisha mwenyewe.

"Unakwenda kutalii?" akaniuliza.

"Nakwenda kununua tumbaku ya baba mkwe."

Akaziweka chini sindano zake. "Kanada hakuna tumbaku?"

Nikamweleza. Nilieleza mabani, sheria ya Mei, macho, kopo la kijani. Kiingereza changu na chake vilikuwa vinalingana kwa ubovu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

"Kwa nini usimwambie aache kuvuta?"

"Ni baba mkwe, mama."

Akafuma mistari miwili. "Sawa," akasema. "Mimi nilikuwa na mama mkwe."

Kwa Mzaramo

Sasa lazima nimtambulishe Zena, maana bila yeye nisingekuwa na cha kuandika. Zena ni Mzaramo. Mimi Mnyamwezi. Mtu wa kwetu akishasikia hivyo anajua kilichobaki, lakini watoto wetu waliokulia hapa hawajui, kwa hiyo naeleza: hawa ni watani. Mtani anakutukana na unacheka. Mtani anachukua kitu chako na unakikomboa. Ukikasirika, aibu ni yako, na Mzaramo atakutangaza mpaka kwa watu usiowajua. Juu ya hapo, kwa kuwa ni rafiki wa mke wangu, ananiita shemeji, kwa hiyo ana leseni mbili.

Alikuwa stesheni na koti jekundu, anapiga makofi.

"Karibu mpagazi! Mzigo uko wapi?"

"Mzigo bado, shemeji. Kesho."

"Jamani!" akawaambia abiria wa Denmark kwa Kiswahili. "Babu yake huyu alibeba pembe kwa mguu kutoka Tabora hadi pwani, akifika kwetu tunamuuzia maji. Mjukuu anavuka bahari kubeba tumbaku. Na bado anabeba!"

Majibu yangu hunijia kesho yake. Lile la siku ile, kwamba na yeye kavuka bahari kuwaosha wazee wa watu wakati bibi yake aliuza maji akiwa amekaa kitako, lilinijia kwenye treni nikiwa peke yangu, nikacheka, abiria wa mbele akahama kiti.

Lakini haki yake nimpe. Zena alikuwa ametoka zamu ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, macho mekundu, na bado alinipikia pilau yenye mdalasini wa kweli na kachumbari, akanipa kitanda chake, yeye akalala kwenye kochi. Nilikataa mara tatu. Akasema, "Mnyamwezi hajui kulala kwenye kochi, atatafuta jiwe."

Treni inayokatika

Mji wenye duka la kiwanda uko magharibi, mwendo wa saa tatu kwa treni. Zena aliniambia panda ile ya saa mbili asubuhi, shuka kituo cha mwisho. Nilipanda. Hakuniambia, na pengine hakujua, kwamba treni ile inafika mahali inakatwa katikati: mabehewa ya mbele yanakwenda kwao, ya nyuma kwao. Kila mtu alihama isipokuwa mimi. Nilidhani wananikimbia. Nikabaki behewani nikijiuliza nimekosa nini, mpaka tukafika kituo cha mwisho, katika mji ambao haukuwa wangu.

Mkata tiketi alikuwa mpole. Alinichorea ramani nyuma ya karatasi, akanionyesha nirudi na kusubiri. Nilisubiri zaidi ya saa mbili mbele ya kibanda kinachouza soseji nyekundu kama wino wa mwalimu. Nilikula mbili. Nikamwuliza muuzaji kwa nini ni nyekundu, akasema zimekuwa nyekundu siku zote. Jibu hilo sijaweza kulipinga.

Duka lilikuwa dogo, mwenyewe mzee mwenye aproni na mikono myeusi ya majani. Nilifungua mlango, harufu ikanipiga, nikasimama. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimetumwa kuchochea moto wa bani la baba, moshi machoni. Sikulia. Nilikohoa.

Alipojua natoka Tanzania alifurahi, akasema majani mengine katika mchanganyiko ule yanatoka Afrika. Nikamwuliza Urambo? Akasema hajui nchi gani. Naandika hivi kwa makusudi, maana Kalunde ameshawaambia watu kanisani kwamba tumbaku ile ni yetu. Mwenye duka hakusema hivyo. Alisema Afrika.

Makopo ya kijani yalikuwa yamebaki ishirini na sita, ya gramu hamsini. Nilikuwa tayari kuyachukua yote, na ushuru wangu nilipe Toronto. Lakini nyuma yangu alikuwa amesimama babu mmoja Mswidi, kofia mkononi, na mwenye duka akaninong'oneza kwamba amevuka daraja la bahari kutoka kwao kutafuta kopo hilo hilo. Hakusema kitu. Kosa lake ni kwamba hakusema kitu. Angenisukuma ningeyabeba yote kwa roho safi.

Nikachukua ishirini, nikamwachia sita. Alinipa mkono kwa muda mrefu. Mimi nilitoka pale na wasiwasi: je, nimegawa kitu ambacho si changu? Sita ni wiki kumi na mbili za mzee. Usiku niliota baba mkwe anahesabu kwa vidole na kunitazama.

Kufunga mizigo

Siku ya mwisho jioni nilifunga kila kopo kwa gazeti, moja moja, nikayapanga kwenye boksi. Zena alikaa kochini ananitazama, anamenya chungwa.

"Unavifunga kama vitoto vichanga."

"Vikibonyea je, shemeji?"

"Mzee hataona, si ana mtoto wa jicho?"

Nilipomaliza, alinipa taulo. "Kaoge. Oga taratibu, shemeji, maji ya moto huku hayana haraka." Nilioga taratibu. Niliporudi boksi lilikuwa limefungwa kwa utepe wa gundi, vizuri kuliko ningefunga mimi.

"Nimekusaidia," akasema.

Nilimshukuru. Nilimshukuru mara mbili, na mara ya pili nilisema Mungu amzidishie.

Mpango ulikuwa hivi: ndege ni saa nane mchana. Zena ana zamu ya alfajiri, anatoka saa nne, anarudi tuondoke pamoja. Lakini niliamka nikaanza kufikiria. Treni zinakatika. Upepo upo. Zena huenda akachelewa, mimi nikakosa ndege, makopo mzee yamemwishia. Saa moja asubuhi nilikuwa nimevaa. Nikamwandikia barua fupi ya shukrani, nikaiweka chini ya kikombe, nikachukua boksi nikaondoka. Lilinielemea kuliko jana yake. Nikasema ni umri, na zile soseji.

Saa mbili na nusu nilikuwa nimeshapeleka boksi kwenye mizigo, nimepita ukaguzi, nimekaa mlango wa ndege. Simu yangu ya Toronto kule haikushika mtandao, ilikuwa saa ya mkononi tu. Kwa mara ya kwanza katika safari nzima nilijiona mtu makini.

Forodhani Toronto

Kwenye karatasi ya forodha niliandika ukweli: kilo moja ya tumbaku ya kiko. Afisa alikuwa dada kijana, mchangamfu. Akanielekeza kando, kwenye meza ya kufungulia mizigo.

"Una tumbaku, bwana?"

"Ninayo. Makopo ishirini. Nataka kulipa ushuru."

"Hatusikii hivyo kila siku," akasema, akavaa glavu.

Akakata utepe, akatoa kifurushi cha kwanza, akafunua gazeti. Kopo lilikuwa na picha ya samaki. Akafunua la pili. Samaki. Nikaomba nifungue mwenyewe, pengine anachagua vibaya. Nikafungua nane. Samaki wa sosi ya nyanya, wote wananitazama kwa jicho moja.

"Hii siyo tumbaku," akasema.

"Ni tumbaku," nikasema, nikiwa nimeshika samaki.

Akamwita mwenzake. Huyo alifungua yote, akanusa, akatikisa kopo karibu na sikio lake, akafungua mpaka mkoba wangu wa nguo. Hakuna tumbaku. Kumbe mtu akisema hana kitu wakakikuta, wanajua la kufanya. Akisema anacho wasikikute, wanapata taabu.

"Kwa nini umeandika tumbaku?"

"Kwa sababu niliinunua. Risiti hii hapa."

Wakasoma risiti. Wakanitazama. Nikawaambia kama kuna kosa nipo tayari kulipa ushuru, kwa kuwa niliahidi. Yule dada akasema taratibu, kama anaongea na mgonjwa, "Bwana, hatuwezi kukutoza ushuru wa tumbaku usiyokuwa nayo."

"Basi ya samaki?"

"Nenda nyumbani, bwana. Pole na safari."

Lazima niseme walinitendea vizuri. Yule wa pili hata alinisaidia kufunga magazeti upya.

Kalunde alikuwa amesimama nje kwenye mapokezi, mkono mdomoni. Sikujua kama analia au nini.

"Samaki wamefika salama?" akauliza.

Ndipo nikajua. Zena alikuwa amempigia tangu asubuhi. Alibadilisha makopo na yake ya samaki wakati naoga. Tumbaku aliiweka kwenye mkoba wake, aje nayo uwanja wa ndege, anidai fidia ya jogoo mbele ya watu, tucheke, anirudishie. Alitoka kazini mbio, akakuta barua chini ya kikombe. Alifika uwanjani na mkoba, mimi nimeshapita ndani, boksi limeshakwenda. Kalunde alisema alilia kwenye simu, na Zena si mtu wa kulia.

Nikitaka haki, kosa ni nusu kwa nusu. Yeye alichukua. Mimi niliondoka kabla ya wakati kwa kutomwamini mtu aliyenipa kitanda chake. Sikukasirika. Nilikuwa na hofu. Mzee alikuwa na tumbaku ya siku tatu.

"Umemwambia baba?"

"Mimi?" akasema Kalunde. "Aliyebeba ni nani?"

Kwenye roshani

Lakini alinihurumia. Tulipofika aliniacha jikoni, akaenda roshani kumweleza baba yake. Nilisikia sauti yake kupitia mlango, ndefu. Nikaanza kupanga maneno ya kuomba radhi. Halafu nikasikia mtu anakohoa vibaya. Nikakimbia na glasi ya maji.

Mzee alikuwa anacheka. Amejikunja kwenye blanketi, machozi yanatoka kwenye yale macho mabovu, anapiga goti lake. Tangu Oktoba nilikuwa sijaona meno yake.

"Mkwe, kaa hapa," akasema. Hajawahi kuniambia nikae. "Wewe ulikuwa unaoga?"

"Nilikuwa naoga, baba."

"Na alifunga kwa magazeti yale yale?"

"Yale yale, baba."

"Na ukamshukuru?"

"Mara mbili."

Akaanza tena. "Mzaramo! Amemkamata Mnyamwezi njiani na mzigo wake! Lete simu."

Copenhagen ilikuwa ni usiku, lakini Zena alipokea kabla mlio wa pili haujaisha. Kalunde aliweka sauti ya wazi. Zena akaanza, "Shikamoo baba, nisamehe baba, ilikuwa utani tu—"

"Marahaba. Nyamaza, mcheza ngoma wewe! Nani kakwambia uombe radhi? Unataka kuharibu?"

Kisha sauti ya Zena ikabadilika, ikawa yake. "Kama ni hivyo, tumbaku yako ninayo, Mnyamwezi. Fidia ni jogoo."

"Jogoo! Utapewa manyoya."

"Basi nitaivuta mwenyewe."

"Wewe na mapafu gani? Yameliwa na ngoma yenu ya mdundiko!"

"Julai nina likizo," Zena akasema. "Nitakuja nayo mwenyewe Toronto, niione hiyo sura ya mtu anayeshindwa na jogoo mmoja."

"Njoo! Nakungoja. Utarudi kwenu bila viatu!"

Kalunde alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Aliuliza polepole, kama mtu anayemkaribia ndege asimrushe, "Baba, utangoja mpaka Julai?"

"Unataka niende Urambo Mzaramo abaki anacheka?"

"Na tumbaku itakayokwisha wiki hii?"

Mzee akakitazama kiko chake, akakizungusha. "Nitakaa bila." Akafikiri. "Nitakuwa mkali, mnivumilie. Na huyo daktari wako, mwambie asicheleweshe. Mzaramo akija nataka nimwone vizuri mtu ninayemnyang'anya viatu."

Kalunde aligeuka upesi akarudi jikoni. Mimi nilibaki pale. Sikujua kama naruhusiwa kuendelea kukaa, lakini hakuna aliyeniondoa.

Kama atavumilia kweli mpaka operesheni ya Juni, sijui. Leo ni siku ya tano bila kiko na amegombana na mimi mara mbili, jambo ambalo zamani hakulifanya. Alikuwa hata hagombani nami. Kalunde anasema hayo ni maendeleo.

Jioni ile ya simu tulikula ugali na mlenda wa karanga, na mzee aliomba kuongezewa. Nilipotaka kufungua kopo moja la samaki, alinizuia mkono. Alisema hao ni mateka, na mateka hawaliwi kabla ya mabadilishano.